AFYA YA JAMAA: Pompi moja kwa kazi ya pompi mbili



Mwezi huu tunaacha kando maneno ya malaria na ya kuhara. Si kwamba yamekwisha, hapana. Lakini barua moja imetufikia na hatukuweza kuiweka chini ya zile zingine. Imeandikwa na baba mumoja anayetumika kwenye pompi chini ya mugodi. Jina lake na muji wake tunavificha kama alivyoomba. Anasema hivi:

«Mutoto wangu mwanamke alizaliwa na moyo wenye pompi moja tu. Midomo ilikuwa ya buluu toka siku ya kwanza. Kwa usaidizi wa watu wema alipelekwa inje mara mbili, wakamupasua. Sasa iko na miaka 3, anacheza, anakimbia kidogo kisha anakaa chini kwanza apumue. Wanganga wanasema inabaki operasyo ya tatu, na nyuma ya ile, damu itaenda kwenye mapafu pasipo pompi. Miye niko fundi wa pompi tangu miaka 18. Sijaona mayi yanapanda yenyewe. Ndugu zangu wananiambia: mutoto anacheza, unatafuta nini tena? Ile feza ungejenga nyumba. Bibi yangu analia tu. Mutuambie: damu itapita namna gani? Na tukiiacha hii operasyo ya tatu, itakuwa nini?»

Baba, swali lako si swali la ujinga. Ni swali lile lile lenye wanganga wa moyo wanalipiganisha tangu 1968 mpaka leo, na wale wenye waliwasaidia sana kulijibu walikuwa mafundi wa mayi na wa tiyo, watu sawa wewe. Basi tutakujibu kwa luga ya kazi yako, na wasomaji wengine watufuate.

Moyo wa mutu muzima ni pompi mbili zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Pompi ya kuume inapokea damu iliyochoka, yenye kutoka mwilini, na kuisukuma kwenye mapafu ikatwae hewa. Njia ile ni fupi, haihitaji nguvu nyingi. Pompi ya kushoto inapokea damu yenye imetoka kwenye mapafu, nyekundu, na kuisukuma toka kichwa mpaka kidole cha muguu. Hiyo ni njia ndefu. Wanganga wanapima nguvu hizo kwa milimetre za zebaki: upande wa kushoto ukisukuma unafika karibu 120, upande wa kuume karibu 25 tu. Pompi mbili, moja nyuma ya ingine, kwa mustari mumoja. Tone la damu likipita mwilini linapita kwanza kwenye mapafu mbele ya kurudi mwilini tena. Hakuna kinachopotea.

Karibu mutoto 1 juu ya 100 anazaliwa na kasoro fulani ya moyo. Nyingi ni ndogo, ingine inajifunga yenyewe. Lakini wako wachache wenye kuzaliwa na pompi moja tu ya kutumika. Kwa wengine mulango wa kuingia pompi ya kuume haukufunguka hata kidogo, na pompi ile ikabaki kama mufuko mutupu. Kwa wengine ni pompi ya kushoto yenye haikukomaa. Hapo damu nyekundu na damu iliyochoka zinachanganyika katika chumba kimoja, na chumba kile kinasukuma njia zote mbili kwa mara moja, mwili na mapafu.

Ona hasara yake, wewe fundi. Sehemu ya damu iliyotoka sasa hivi kwenye mapafu inarudishwa tena kwenye mapafu, bure. Ni kama pompi inayotoa mayi katika shimo, na nusu ya mayi ile inaanguka tena katika shimo lile lile. Pompi inanguruma, inapata moto, lakini shimo halikauki. Kusudi mwili upate litre moja, moyo wa namna hii unapaswa pengine kusukuma litre mbili. Moyo wa mutoto muchanga hauwezi kufanya ile kazi miaka mingi.

Ndiyo maana wanapasua mara tatu, si mara moja.

Operasyo ya kwanza inafanywa siku za kwanza za maisha, na kazi yake ni kupima njia: kama damu ya mapafu ni kidogo wanaongeza, kama ni mingi wanapunguza. Kule Baltimore, Marekani, mwaka 1944, ndiko tiyo ya kuongeza damu ya mapafu ilitiwa mara ya kwanza kwa mutoto wa buluu. Munganga Alfred Blalock alishika kisu, munganga Helen Taussig ndiye alikuwa ameleta wazo, na nyuma ya mabega ya Blalock alisimama Vivien Thomas, kijana mweusi asiyesoma uganga. Ni yeye aliyekuwa amejaribu kazi ile mara nyingi kwa imbwa, na siku ile alikuwa akimuongoza Blalock kwa maneno. Vijana, mulishike jina lile. Miaka mingi waliliacha inje ya historia.

Operasyo ya pili inakuja mutoto akiwa na miezi karibu 4 mpaka 6. Hapo wanakata mushipa mukubwa wenye kuleta damu toka kichwa na mikono, na kuushona moja kwa moja juu ya mushipa wa mapafu. Damu ya juu haipiti tena kwenye moyo. Inashuka yenyewe kwenye mapafu. Munganga William Glenn wa Chuo cha Yale aliandika juu ya njia hii mwaka 1958. Mutoto wako, baba, ndipo alipofikia. Kwa hiyo ona: damu ya kichwa chake inapita tayari bila pompi, wewe unamutazama akicheza.

Ya tatu inafanya vile vile na damu ya chini, ya tumbo na miguu. Ikiisha kufanyika, damu yote iliyochoka inaenda kwenye mapafu bila kugusa moyo, na pompi moja iliyoko inabaki na kazi moja tu, ya kusukuma mwili. Litre moja kwa litre moja. Midomo inaacha buluu. Mbele ya hiyo, kipimo cha oksijeni kwenye kidole kilikuwa karibu 80 ao 85 juu ya 100. Nyuma yake mara nyingi kinapita 90.

Sasa swali lako: inapandaje?

Jibu ni kwamba pompi haikutoka. Iko upande mwingine wa mustari. Pompi ile moja inasukuma damu katika mwili wote, na damu ikimaliza kupita katika mishipa midogo sana ya mwili, inabakia na nguvu kidogo. Kwa mutu wa kawaida nguvu hiyo ya mwisho ni karibu 5 tu ao chini yake, na haina kazi, kwa sababu pompi ya pili iko inaingoja. Kwa mutoto wa pompi moja nguvu ile inaachwa ipande mpaka 10, 12, pengine 15, na ndiyo hiyo inayosukuma damu katika mapafu. Ni kama tanki juu ya kilima: mayi inatembea katika nyumba zote kwa uzito wake, kama tiyo ni pana na haizibwi. Tena mutoto mwenyewe anasaidia. Akivuta pumzi, kifua kinanyonya damu. Akitembea, nyama za miguu zinakamua mishipa na kuipandisha damu juu.

Lakini nguvu ile ni kidogo sana, na inalipwa. Watu wa Kipushi wanakumbuka mwaka 2011, pompi zilipokufa na mayi yakapanda katika mugodi ngazi kwa ngazi. Pasipo pompi mbele, kitu chenye kutembea kinarundamana nyuma. Katika mwili, nyuma ni maini, matumbo na miguu. Maini ya mutoto huyu yatalala katika mukazo ule siku zote za maisha yake. Kwa hiyo kila kipande cha nguvu kinachopotea bure njiani, ni maini yanayokilipa ao ni mutoto anayekosa pumzi.

Hapo ndipo habari ya tiyo inakuwa habari ya uzima.

Aliyefanya operasyo hii mara ya kwanza ni Francis Fontan, wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1968, kwa mutoto mwanamke wa miaka 12. Aliitangaza mwaka 1971, na mpaka leo operasyo inabeba jina lake. Yeye alifikiri kama wewe, kwamba damu haiwezi kwenda bila pompi. Kwa hiyo alitumia chumba cha kupokea cha upande wa kuume, akakitilia milango, kusudi kipige kama pompi ndogo. Watoto waliishi, na ile ilikuwa ajabu kubwa. Lakini miaka ikapita, chumba kile kikavimba kama mufuko, damu ikazungukazunguka ndani yake, ikaganda, na mapigo ya moyo yakaharibika.

Mwaka 1988, Marc de Leval, mupasuaji Mubelgiji aliyetumika London, alifanya kitu ambacho kinatupendeza sisi watu wa migodi. Kabla ya kubadili operasyo aliweka tiyo na mayi juu ya meza, akapima. Akaona kwamba mufuko unaopigapiga bila milango hausaidii damu kuendelea. Unaitikisa, unaichafulia njia, unakula nguvu. Kila kona kali na kila mahali tiyo inapopanuka kwa gafula panakula nguvu vile vile. Basi akauacha mufuko, akatia njia nyembamba iliyonyooka toka mushipa wa chini mpaka mushipa wa mapafu. Miaka miwili baadaye, 1990, Carlo Marcelletti wa Italia alionyesha kwamba tiyo inaweza kupita inje kabisa ya moyo. Leo wapasuaji wengi wanatia tiyo ya inje, mara nyingi ya upana wa milimetre 18 ao 20. Kwa sababu tiyo haikomai na mutoto, wanangoja mutoto afike miaka 2 mpaka 4 ao 5, mishipa yake iwe mikubwa ya kutosha.

Halafu likatokea neno la kiungo. Damu ya kichwa inashuka, damu ya miguu inapanda, zinakutana uso kwa uso kwenye mushipa wa mapafu. Wewe unajua tiyo mbili zikimwagiana uso kwa uso inakuwa nini: povu, mizunguko, kelele. Kule Atlanta, Marekani, mafundi wa chuo waliunda mifano ya kiungo hiki, wakapitisha mayi, na mwaka 1996 wakaandika walichoona: kiungo kikiwa kama musalaba kamili, hasara ni kubwa. Ukisogeza tiyo ya chini kando ya ile ya juu kwa upana wa tiyo moja ao moja na nusu, hasara inapunguka sana. Mwaka ule ule de Leval na mafundi wa Milano walifanya hesabu namna ile kwa ordinatere. Kusogeza kidogo tu! Mutu angeweza kusema ni kitu cha kuchekesha, senti mbili huku ao senti mbili kule. Kwa moyo wenye pompi mbili kingekuwa cha kuchekesha kweli.

Kwa nini ni kikubwa hapa? Watu wa hewa ya mugodi watanielewa upesi. Ukitaka kupitisha hewa mara mbili katika galeri ile ile, ventilateri haihitaji nguvu mara mbili. Inahitaji mara nane. Kwenye kiungo chenye mizunguko, damu inafuata karibu sheria ile ile. Mutoto akikaa, hasara ya kiungo ni ndogo, hata hauioni. Akikimbia, damu inapaswa kuwa mara mbili, na hasara inaruka mbio kuliko damu yenyewe. Wanganga walioipima mwaka 2007 kwa picha za watoto wenyewe na ordinatere waliona hivyo. Kwa hiyo usishangae, mama, mutoto akikaa sawa wote darasani, na kwenye mupira akawa wa kwanza kukaa chini. Si uvivu. Walimu pia wasome hapa.

Sasa kuna kitu kingine ambacho tiyo za chuma hazina. Damu inayotoka kwenye maini inabeba kitu fulani ambacho mapafu yanakihitaji. Pafu lisilopata damu ya maini linaanza kufungua vijia vya mukato, na damu inapita pale bila kutwaa hewa. Mutoto anakuwa tena buluu. Sasa fikiri: ukisogeza tiyo ya chini sana upande mumoja ili uokoe nguvu, damu ya maini yote inaweza kwenda pafu moja, na lile lingine likanyimwa. Fundi akifurahi, pafu linaumia. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walihesabu umbo la tiyo yenye matawi mawili, kama muti wa kutupia mawe wa watoto, ili kila pafu lipate sehemu yake. Wapasuaji fulani wameitia kwa wagonjwa, lakini haikuondoa ile tiyo moja. Siku hizi, mahali penye vyombo, wanatwaa picha ya kifua cha mutoto kwa masini ya sumaku, wanajenga kiungo chake katika ordinatere, wanajaribu umbo hili na lile, kisha ndipo wanashika kisu. Si kila hospitali inaweza.

Mimi mwandishi, nikiambiwa kuchagua neno moja la kushikilia, sitashika umbo la kiungo. Nitashika upana wa mishipa ya mapafu yenyewe. Kwa sababu mushipa ukipunguka upana kwa nusu, damu inayopita polepole inakutana na uzito mara 16. Mara kumi na sita, si mara mbili. Kiungo kizuri namna gani juu ya mishipa nyembamba, ni kama kununua pompi mupya na kuacha kutu ndani ya tiyo.

Tunakuja sasa kwenye swali la pili, lile lenye kuwagawanya ndugu zako. Tukiiacha ya tatu?

Mutoto muchanga ni kichwa kwanza. Angalia kichwa chake na miguu yake. Karibu na miaka 2 na nusu, zaidi ya nusu ya damu yenye kurudi moyoni inatoka upande wa juu, na kwa mutoto wako ndiyo damu inayopita kwenye mapafu. Kwa hiyo anacheza. Lakini miguu inakomaa. Akikaribia miaka 6 ao 7, damu ya juu inabaki karibu theluthi moja tu, na ile ya chini, isiyopita kwenye mapafu, inakuwa nyingi. Atarudi kuwa buluu polepole, si kwa sababu operasyo ya pili iliharibika, lakini kwa sababu yeye amekomaa. Damu yake itakuwa nzito, na damu nzito inaweza kuganda na kufika kwenye ubongo. Tena mapafu yake sasa hayapati damu ya maini hata kidogo, na vile vijia vya mukato vinaweza kufunguka. Ndugu zako wanamutazama mutoto wa miaka 3 na wanasema kweli yenye macho yao yanaona. Hawamuoni wa miaka 8.

Hiyo haimaanishi kwamba kila mutoto anaweza kufanyiwa ya tatu. Mwaka 1977 Choussat, aliyetumika na Fontan pale Bordeaux, alipanga masharti kumi ya kumukubali mugonjwa, na wanganga wakazoea kuyaita amri kumi. Zingine zimelegezwa leo. Ile ya umri, ya miaka 4 mpaka 15, imeachwa kabisa. Lakini zile za njia zimebaki ngumu: mukazo katika mushipa wa mapafu usipite 15, mapafu yasiwe na uzito mukubwa wa kupitisha damu, mishipa yake isiwe nyembamba, pompi iliyoko iwe na nguvu, na mulango wake usivujishe. Mbele ya operasyo wanapitisha tiyo nyembamba katika mushipa mpaka ndani, wanapima. Kama mukazo ni mukubwa, munganga wa kweli atakataa, na mutoto atabaki na operasyo ya pili. Kama kipimo kiko katikati, mupasuaji anaweza kuacha tundu dogo kati ya tiyo na moyo. Wanganga wa Boston walilionyesha mwaka 1990. Ni vane ya usalama: mukazo ukipanda, damu kidogo inakimbilia moyoni bila kupita kwenye mapafu. Mutoto anabaki buluu kidogo, lakini maini yanapumua. Baadaye tundu linaweza kufungwa bila kupasua.

Basi ukienda, usiulize tu «itakuwa bei gani». Uliza: mukazo wa mapafu ni ngapi? Mishipa miwili ya mapafu ni pana sawasawa? Mulango wa pompi unavujisha? Mutaacha tundu? Uandike majibu kwenye karatasi. Ni haki yako, na mupasuaji muzuri atafurahi kukutana na mutu anayeelewa pompi.

Na tusikudanganye. Mwaka 1990 Fontan mwenyewe, pamoja na munganga Kirklin wa Marekani, alihesabu wagonjwa wa operasyo hii na kuandika wazi kwamba hata ikifanywa bila kosa lolote, miaka ikipita nguvu ya mugonjwa inapunguka na hatari inarudi. Mutu kuandika hivyo juu ya kazi yenye jina lake, si kitu kidogo. Tangu hapo mambo yamekuwa mazuri zaidi: mwaka 2018 walihesabu kwamba duniani kuko watu kati ya 50 000 na 70 000 wanaoishi na operasyo hii, na wengi wamekuwa watu wazima, wanasoma, wanatumika, wengine wamezaa. Lakini wote wanabaki wagonjwa wa kuangaliwa. Haiponyeshi moyo. Inapanga njia.

Kwa nyumbani, mama ashike haya, kwa sababu yote yanatoka katika ile nguvu kidogo tuliyosema. Mutoto asikauke mayi. Kuhara na kutapika, ambako mwenzake anakuvumilia siku mbili, kwake ni hatari kwa siku moja, kwa maana tanki ikishuka, mayi haifiki nyumba ya mwisho. Homa ya malaria ni hivyo hivyo, aende hospitali upesi. Asibebe ndoo nzito wala kusukuma huku amefunga pumzi, kwani kifua kinakaza na damu inasimama mulangoni. Lakini atembee, acheze, apande baiskeli kwa kipimo chake. Miguu yenye nguvu ni pompi yake ya pili, na kumuweka kitandani ni kumunyanganya. Moshi wa tumbaku na wa makaa, na vumbi ya muji wetu, viwe mbali na mapafu yale kadiri mutakavyoweza. Dawa ya kuzuia damu isigande, kama wameandika, isikatwe hata siku moja kwa sababu «anaonekana muzima». Meno yasafishwe.

Ukiona tumbo ao miguu inavimba, ao kuhara kusikoisha pamoja na uso kuvimba, ao anakohoa vitu vigumu kama matawi madogo, ao moyo unakimbia hovyo, usingoje siku ya rendez-vous.

Tena hili, ambalo hata katika hospitali wengine hawalijui. Siku moja anaweza kupasuliwa kwa kitu kingine, apendisiti ao muguu kuvunjika. Masini ya kupumulisha inasukuma hewa ndani ya kifua, na hewa inayosukumwa inabana mishipa ya mapafu, tofauti na pumzi ya kawaida yenye kunyonya. Kwetu sisi si neno. Kwake damu inaweza kukosa njia. Mwenye kumulalisha lazima ajue mbele. Andikeni kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwenye karatasi moja: operasyo ya Fontan, tarehe, hospitali, upana wa tiyo, dawa anazotumia, oksijeni yake ya kila siku. Muitie katika plastiki, mutoto akienda masomo aende nayo katika kartable.

Baba, ulituuliza kama ungejenga nyumba. Sisi hatujui feza yako wala madeni yako, na hatutamuhukumu mutu mwenye kuogopa. Lakini kama kipimo cha mapafu ni kizuri, kwa mawazo yetu nyumba inaweza kungoja na mutoto hawezi kungoja sana, kwa maana umri wake ndio huu. Wale ndugu wenye kusema anacheza, uwaite siku moja jioni, uwachoree tiyo chini kwa kijiti, ile ya kichwa na ile ya miguu, uwaonyeshe ni ipi bado haijafika kwenye mapafu. Utaifanya vizuri kutushinda.

Ukirudi toka kwenye kipimo, utuandikie tena. Tuambie ilikuwa ngapi.